Picha Aliyoisaidia

Hivi wewe umewahi kuulizwa kwenu ni wapi, na hapo umesimama mlangoni mwa nyumba uliyozaliwa? Kama hujawahi, kaa vizuri nikueleze habari za Fundi na Dada Picha. Kama umewahi, nivumilie tu, mengi utakuwa unayajua.

Studio ilikuwa mkabala na ofisi ya vitambulisho, kwenye mtaa wa maduka ya simu, wauza bahasha na wapiga chapa waliokaa nje na mashine zao juu ya vimeza. Asubuhi foleni ya ofisini ilivuka barabara ikaja kugusa kizingiti cha studio, hata watu wakajikuta wamesimama pale bila shida yoyote ya picha. Ndani kulikuwa na stuli moja, pazia jeupe, taa mbili zenye miavuli, na msumari uliotundikwa koti jeusi la kuazima pamoja na tai iliyofungwa tayari, ya kupitisha kichwani. Koti lenyewe lilikuwa na upande wa mbele tu. Mgongo ulikwisha kukatwa zamani ili limwenee mnene na mwembamba, na nyuma likabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Ukitazama picha unamwona bwana mkubwa. Ukipita nyuma yake unaona shati limechanika na vibanio vinne.

Mpiga picha alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mtaa mzima ukimwita Dada Picha. Mweusi wa kung'aa, uso wa duara, mashavu yenye vishimo viwili. Siku hiyo alivaa gauni la njano lenye mfuko mkubwa mbele, alioushona mwenyewe kwa ajili ya vitambaa vya kufutia lenzi. Ulimi wake ulikuwa wa mtaa ule ule, wenye haraka na utani.

Basi akaingia kijana mrefu, mwembamba, amevaa ovaroli la kijivu lenye mafuta kwenye mikono. Maji ya kunde, pua nyembamba, nywele laini za kulala. Ukimwona, huna haja ya kufikiri: unasema huyu ni wa ng'ambo ya mpaka. Dada Picha naye hakufikiri. Aliacha fomu nyeupe, akachukua ile ya waridi, ya wageni wanaoomba kibali.

"Ka-ri-bu," alimwambia polepole, akipaza sauti kana kwamba kijana yuko upande wa pili wa mto. "Wewe. Picha. Ya kibali?" Akachora mraba hewani kwa vidole.

Kijana akamtazama kidogo. Akajibu polepole vile vile, "Mi-mi. Picha. Ya kitambulisho. Cha ra-i-a." Naye akachora mraba.

Foleni ikaangua kicheko. Dada Picha akairudisha fomu ya waridi mezani, akaifunika kwa kiwiko.

"Samahani, kaka yangu. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Wewe ni wa nne leo, na chai bado sijanywa."

"Wa nne?"

"Mlinzi wa jengo ninalofanyia kazi. Muuza magazeti. Halafu bibi mmoja hapo kwenye foleni, kaniuliza kama kwetu mvua zimenyesha. Nikamwambia kwetu ni mtaa wa tatu kutoka hapa, zimenyesha jana, na wewe ulilowa."

Alitoa kitambulisho chake cha zamani. Kingo zilikuwa zimebanduka, plastiki imefanya malengelenge, sura haionekani. Hakikuharibiwa na maji wala jua. Kilikwisha kwa kutolewa mfukoni, mara tatu kwa siku, mara nne, miaka kumi. Alikuwa fundi wa lifti, leo jengo hili kesho lile, na kila jengo lina mlinzi. Babu yake mzaa baba alikuwa mpiga kengele wa stesheni ya treni ya mji huo huo. Lakini babu alimwachia ile pua, na pua haitembei na maelezo.

"Kaa hapo," alisema Dada Picha. "Nyosha shingo. Usitabasamu, ofisini hawapendi."

"Kwa hiyo huwa unawaona watu wote wamenuna?"

"Kazi yangu ndiyo hiyo."

"Pole. Basi piga ya ofisi, halafu upige moja ya kwako nikiwa nimecheka."

Alipiga zote mbili.

Sasa hapa ndipo lilipotendeka lile kosa, na nataka ulielewe vizuri, maana halikufanywa kwa ubaya. Pale studio kulikuwa na kitu walichokiita kusaidia picha. Watu wenye sura ya kuulizwa-ulizwa walikuwa wakiinama kwenye kaunta na kunong'ona, "Dada, nisaidie kidogo." Naye kwenye kompyuta yake alikoleza weusi kidogo, akatanua pua kidogo, akakaza nywele, akajaza mashavu. Kidogo tu, kama unavyonyosha ukosi wa mtu anayeingia kwenye usaili. Makarani hawakumwangalia mtu aliyesimama mbele yao, waliangalia picha, na picha iliyosaidiwa haikurudishwa. Fundi hakuomba kusaidiwa. Lakini Dada Picha alikumbuka lile la wa nne, akaona aibu, na aibu ikachanganyika na kitu kingine kitamu alichokuwa bado hajakipa jina. Akamsaidia. Akamsaidia kuliko alivyowahi kumsaidia mtu yeyote.

Fundi alizipokea zile picha nne, akazitupia jicho.

"Hii taa yenu ina upendo," alisema, akazitia kwenye bahasha.

Wiki ile ile akapiga simu studio.

"Halo, nauliza kama kitambulisho changu kimetoka."

"Kaka, hapa ni studio. Vitambulisho viko ng'ambo ya barabara."

"Ng'ambo tena? Kila mtu ananituma ng'ambo."

Dada Picha akacheka hadi akamshtua mteja aliyekuwa kwenye stuli. Kesho yake simu tena, kesho kutwa tena, mwisho Shangazi, mwenye studio, akasema mpe namba yako huyo mtu, mimi nataka laini yangu iwe wazi. Huyu Shangazi hakuwa ndugu wa damu wa Dada Picha. Alimlea tu. Hilo tutalifikia.

Wakaanza kutoka pamoja. Fundi akija kumchukua alikuwa amebadili ovaroli, amevaa shati la mistari lililopigwa pasi likasimama, na kucha amezisugua mpaka nyeupe. Dada Picha alivaa viatu vyekundu vya kamba na hereni ndogo za vito bandia. Wakikaa kwenye kibanda cha chai, mhudumu alimsemesha Dada Picha tu. "Dada, na mgeni wako anakunywa nini?" Fundi akajibu, "Mgeni anakunywa chai ya rangi, na sukari vijiko vitatu, tangu darasa la kwanza." Mhudumu akacheka, Dada Picha akacheka. Fundi alikuwa na ufundi huo wa kuwachekesha watu ili wasione kimemchoma.

Jioni simu.

"Laazizi, umefika?"

"Nimefika. Wewe uko wapi, mbona kelele?"

"Niko juu ya lifti."

"Ndani?"

"Juu yake, kwenye paa lake. Watu wako chini yangu wanalalamika inachelewa. Nawasikia wanavyonitukana."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nakuwaza. Ndiyo maana inachelewa."

Siku moja akampeleka kuona jengo la ghorofa kumi na mbili alilokuwa analihudumia. Langoni mlinzi alisimama.

"Karibu, dada. Shikamoo ya mchana," alimtania Dada Picha, akampisha. Kisha akaweka mkono kifuani mwa Fundi. "Wewe, kitambulisho."

"Afande, jana si ulikiona?"

"Jana ni jana."

Fundi akatoa kitambulisho kipya, kimetoka wiki hiyo, bado kinang'aa. Mlinzi akakitazama upesi upesi na kumrudishia. Dada Picha alikuwa amekwisha kuvuka, amesimama upande wa ndani, mkoba kifuani.

"Unaona?" Fundi alimwambia. "Wewe hukuulizwa hata jina. Una bahati ya uso."

Dada Picha akaukaza mkoba kifuani. 

Maana kweli yake ni hii. Pale langoni mtu mmoja alikuwa hana kitambulisho, na hakuwa Fundi. Dada Picha aliingia nchi hiyo mgongoni kwa mama yake akiwa na miaka miwili, kutoka huko huko ng'ambo ambako watu wote walidhani Fundi ametoka. Mama yake alifua nguo nyumbani kwa Shangazi. Alipougua akafa, mtoto alikuwa na miaka saba, na Shangazi akamshika mkono akampeleka shule. Mwalimu mkuu akamtazama ule uso wa duara, akaandika "raia" bila kuuliza karatasi. Baada ya hapo karatasi moja ikazaa nyingine, ya shule, ya zahanati, ya kanisa, lakini ilipofika ya kitambulisho wakataka cheti cha kuzaliwa, na hicho hakikuwako. Shangazi akasema tungoje kidogo. Kidogo kikawa miaka minane. Kila siku Dada Picha anawapiga watu picha za kitambulisho, anawanyosha kola, anawajazia fomu, wanavuka barabara, na yeye anabaki upande huu.

"Usimwambie mtu," Shangazi alikuwa akimwambia. "Hata utakayempenda. Hasa huyo. Ukimwambia umempa mzigo, na mtu hajui atakavyoubeba."

Basi siku lifti ya jengo lile ilipofunguliwa kwa matengenezo, walipanda ngazi. Ghorofa ya sita Dada Picha akachoka, akavua kiatu, wakakaa kwenye ngazi. Dirisha dogo liliingiza upepo. Fundi alikuwa na spana mkononi, anaigeuza geuza.

"Nataka tukaandikishe ndoa," alisema. "Mwezi ujao. Nimeuliza. Wanataka vitambulisho viwili, vyeti viwili na picha. Picha tunaye mpigaji."

Akangoja acheke. Dada Picha alikuwa akitazama kiatu chake.

"Tusubiri kidogo, mpenzi."

"Tusubiri nini?"

"Tusubiri tu."

"Mama yako aliyekulea hanitaki?"

"Anakutaka."

"Basi nini?"

"Si nimekuambia tusubiri?"

Akamwuliza tena baada ya wiki mbili, kwenye simu. Akamwuliza mara ya tatu, mlangoni mwa studio, foleni ikisikiliza. Mara zote jibu lile lile, na mara zote macho ya msichana yalitazama pembeni. Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Mtu aliyetazamwa pembeni maisha yake yote atafikiri nini?

Mama yake Fundi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mweusi mnene mwenye mikono ya kazi. Mwanawe hakuchukua hata ukucha wake. Alimtengea chakula, akamwona anakikoroga tu.

"Msichana amesemaje?"

"Anasema tusubiri."

"Kukupenda anakupenda, mwanangu, nawasikia kwenye simu. Ila wasichana huwaza mbali. Atakuwa anawaza watoto. Anawaza watafanana na nani, wataulizwa nini langoni." Akajifuta mikono. "Mimi mwenyewe niliambiwa hayo nilipoolewa na baba yako. Nikawaziba midomo. Si wote wanaweza."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama msumari kwenye ubao laini. Jioni akapiga simu.

"Sema tu ukweli. Ni uso wangu?"

"Uso wako una nini?"

"Siku ya kwanza ulinichukulia fomu ya waridi. Nikacheka. Nilidhani imepita. Kumbe haikupita."

"Si hivyo, jamani."

"Basi ni vipi? Nieleze."

Dada Picha alishika simu kwa mikono miwili.  Akaona lango, akaona yule mlinzi, akamwona Shangazi amekaa kwenye kiti chake anakunja vitambaa vya lenzi.

"Siwezi kukueleza," alisema.

"Umeshanieleza." Simu ikakatwa.

Wiki tatu hawakusemezana. Dada Picha alipiga picha watu wasiotabasamu. Kwenye kompyuta alikuwa nayo ile picha ya pili, ya Fundi amecheka, hajaigusa popote. Kila akifungua mashine asubuhi aliitazama, kisha akaifunga.

Jumanne moja mama yake Fundi akaingia studio, kilemba kimemlegea, kiatu kimoja hakijafungwa. Hakuwahi kufika pale.

"Wewe ndiye unayepiga picha?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Mwanangu wamemchukua."

Jana yake kulikuwa na ukaguzi wa wageni. Maafisa walisimama kwenye lango la jengo, si wa kutazama upesi upesi kama mlinzi. Walikishika kitambulisho cha Fundi kikiwa kando ya shavu lake, wakatazama huku, wakatazama huku. Mashavu ya kwenye kadi yamejaa, yake yamebonyea. Pua ya kwenye kadi pana. Wakamwambia, huyu si wewe, umemwibia nani? Akawachekesha, hawakucheka.

"Nimewapelekea cheti chake cha kuzaliwa," mama alisema. "Wameniambia cheti ni halali kabisa, ni cha mwenye kadi. Ila huyu siye mwenye kadi. Nikapeleka cheti cha shule. Wakasema nacho ni cha mwenye kadi. Kila ninachopeleka kinamfaa huyo wa kwenye picha. Nikawaambia nimemzaa mimi. Yule afisa akanitazama, akamtazama, akaniambia, mama, pole, lakini nyinyi hamfanani." Akakaa kwenye stuli ya wateja. "Nimezalisha watoto wa watu miaka thelathini na moja. Wangu sina wa kunishuhudia."

Dada Picha akashika ukingo wa meza. Alikwisha kuelewa tangu neno mashavu.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi niliyemtanua pua."

Alimweleza yote, na mama akasikiliza mdomo wazi. Hakumtukana. Aliuliza tu, "Kwani alikuambia hajipendi?"

"Hapana."

"Basi nani alikutuma?"

 Akachapisha ile picha ya asili, ya kabla ya kusaidiwa, kubwa, na ile iliyosaidiwa, akaziweka pamoja kwenye bahasha, mama akaenda nazo mbio. Saa sita akarudi nazo.

"Wanasema karatasi haisemi. Aliyeitengeneza aje mwenyewe, na kitambulisho chake, aandike maelezo, atie sahihi. Asipokuja, Ijumaa asubuhi basi linaondoka na watu wote waliokamatwa hadi mpakani, na mwanangu ndani."

"Mpakani atakwenda kwa nani?" Shangazi aliuliza.

"Hata mimi nimewauliza. Wakasema kwao."

Mama alipoondoka, Shangazi alifunga mlango wa studio mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Huendi," alisema.

"Shangazi."

"Yule ana mama, ana vyeti, ana kaburi la babu. Siku moja watamrudisha. Wewe ukienda huko hakuna wa kukurudisha. Huijui hata barabara ya huko, lugha yao huijui, ulitoka huko hujaacha kunyonya."

"Na mimi ndiye niliyemweka humo."

"Ulimsaidia."

"Ndiyo nasema, Shangazi. Nilimsaidia."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha lenzi, akaivaa, akaivua tena. Kumlea aliweza, kumficha aliweza miaka kumi na tisa. La kufanya sasa hakulijua. Jumatano nzima wakafanya kazi bila kusemezana, koti likivaliwa na kuvuliwa.

Alhamisi asubuhi Dada Picha akavaa gauni la kijani lenye ukosi, akafunga nywele, akaenda. Shangazi alimsindikiza hadi barabarani, akashindwa kuvuka.

Kaunta ya maelezo ilikuwa na afisa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa mpole. Akaziweka picha mbili kando kando, akatikisa kichwa.

"Aisee, mwanangu, una mkono. Ulibadilisha mtu mzima. Kwa nini?"

"Ili wasiwe wanamwuliza-uliza."

"Basi ndiyo wamemwuliza." Akavuta fomu. "Haya, tutamtoa, usilie. Maelezo yako yatatosha. Nipe kitambulisho."

"Sina."

"Umekisahau? Nitajie namba basi, nitajaza. Mtu si hujulikana kwa kumwona? Wewe mtoto wa hapa hapa, sura yenyewe ya hapa."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, inangoja. Nakuambia ukweli, mlango ulikuwa wazi. Angetaja tarakimu zozote, yule afisa angeziandika. Lakini Dada Picha alizijua fomu kuliko mtu yeyote. Namba ya uongo ingegunduliwa baada ya siku mbili, maelezo yangetupwa, na mtu angerudishwa ndani akiwa na kosa jipya la kushuhudiwa na mwongo.

"Sina namba," alisema. "Sikuwahi kuwa nayo. Nililetwa nikiwa na miaka miwili. Mimi ndiye wa huko."

Afisa alicheka. Kisha akavaa miwani. Akamtazama kwa muda, na ule uso ambao miaka yote ulimfungulia milango ulikuwa pale pale, haujabadilika hata kidogo, ila sasa haukufaa kitu.

"Ungenyamaza," alisema afisa taratibu. "Kwa nini hukunyamaza? Sasa umeniambia nikiwa kwenye kiti." Akazigonga mhuri zile picha, moja, ya pili. "Sheria mimi siiandiki, mwanangu. Mimi nagonga tu."

Kwenye fomu, penye namba, akaandika "mgeni", akampa atie sahihi, maelezo yakakubaliwa, kisha akamwandikia karatasi yake mwenyewe. Siku thelathini kuondoka mwenyewe, au kuleta maombi ya kubaki, na maombi, afisa alisema akitazama meza, yamejaa kabati zima hayajajibiwa. Akamwambia akae kwenye benchi la korido, ataitwa kuchukuliwa alama za vidole.

Saa tano wakamtoa Fundi. Ndevu zilikuwa zimeota, shati halina vifungo viwili, kamba za viatu kashika mkononi. Mama yake akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaushika hivyo hivyo, kisha akaenda kutia sahihi alipoambiwa. Fundi akabaki mbele ya benchi na bahasha aliyopewa. Akatoa picha iliyosaidiwa.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Nilikaa ndani siku nne na huyu mtu. Waliniambia nimtaje jina." Akakaa, mbali kidogo naye. "Ulinisaidia nini? Mimi nilikuja kupigwa picha tu."

"Niliona wanakusumbua."

"Wananisumbua, ndiyo. Lakini wao walikuwa wananiuliza. Wewe hukuuliza hata."

Dada Picha akainamisha kichwa.  Mlango wa ofisi ulifunguka na kufungwa, watu wakapita na faili. Mwisho Fundi akaona karatasi magotini kwake, akaichukua, akaisoma. Akaisoma tena toka juu.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Siku thelathini za nini?"  Akamtazama uso, ule wa duara, wenye vishimo, akautafuta kama vile watu walivyokuwa wakiutafuta wa kwake. "Wewe?"

"Mimi."

"Siku zote?"

"Tangu nikiwa na miaka miwili."

"Na mimi nakuambia una bahati ya uso." Akajifuta macho kwa mkono wenye kamba za viatu. "Nilidhani unanikimbia. Nimekulaani, unajua? Nililala na hasira zangu wiki tatu nikikulaani. Sasa tufanye nini? Nikienda kuandikisha wanataka cheti chako. Ukitaka cheti wanakutuma huko. Ukienda huko hawakujui. Mimi lifti ikikwama najua pa kushika. Hapa pa kushika ni wapi?"

"Sijui, mpenzi. Nimejaza fomu za watu wote mtaani. Sijui."

Wakakaa. Fundi alikuwa amesogea, mabega yamegusana, lakini hakuna aliyekuwa na la kufanya, na mama yake Fundi alisimama mwisho wa korido ameshika kalamu ya ofisi, hajui airudishe kwa nani.

Mlango ukafunguliwa. "Wa alama za vidole," sauti iliita.

Dada Picha akasimama, akanyosha gauni. Akapiga hatua mbili, akarudi, akainama karibu na sikio la Fundi, kisha akaona hakuna tena sababu ya kunong'ona, akasimama wima, akasema kwa sauti yake ya kawaida, korido nzima ikisikia:

"Nilitaka kusema ndiyo. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nataka tuandikishe. Nataka nikae hapa na wewe, nizeeke hapa. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka."